Ukuta wa Mwizi, Kibanda cha Mbwa

Pita mtaa wowote wa nyumba mpya pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Goba, Madale au Kibada, utakuta mpangilio uleule. Ukuta wa matofali ya inchi 6 umezunguka kiwanja, juu yake vipande vya chupa au nyaya za umeme, geti jeusi la bati nzito, na kwenye geti kibao kimeandikwa "Mbwa Mkali". Ukigonga, mkali mwenyewe hubweka kwa mbali, nyuma kabisa ya nyumba, jirani na shimo la maji taka. Yumo ndani ya kibanda ambacho akisimama masikio yanagusa bati, akigeuka mkia unagonga waya. Atafunguliwa saa nne usiku na kurudishwa alfajiri, kabla watoto hawajaamka kwenda shule.

Ukuta ule ulichorwa, ukapigiwa hesabu, ukasubiriwa hata miaka miwili fedha zipatikane. Kibanda kilijengwa jioni moja kwa matofali yaliyobaki. Nadhani matatizo karibu yote ya kufuga mbwa mjini, kuanzia kelele na kupe hadi mtoto wa jirani kung'atwa, yanaanzia kwenye tofauti hiyo. Uzio wetu unapangwa kwa kumfikiria mwizi peke yake. Mbwa anakuja kuingizwa baadaye, kwenye nafasi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Uzio wenye mbwa ndani una kazi mbili, na kazi hizo haziendi pamoja. Ya kwanza ni kumzuia mtu asiingie, ya pili ni kumzuia mnyama asitoke. Mtu hupanda, kwa hiyo anayemhofia mtu huongeza urefu. Mbwa huanza kwa kupita chini, na ndiyo maana ukuta wa mita 2.4 wenye nyaya za umeme juu unaweza kushindwa kumzuia mbwa wa kienyeji wa kilo 15. Yeye hana habari na hizo nyaya. Amekwisha kuona pengo lililo chini ya geti.

Na hilo pengo halikosekani. Njia ya gari ikiwa na mwinuko kidogo kuelekea ndani, fundi hulazimika kuliinua geti ili lisikwaruze likifunguliwa. Likifungwa, linaacha uwazi wa sentimita 15 au hata 20 upande mmoja. Mbwa mdogo anapita bila kujikuna. Mkubwa hapiti, ila hutoa pua na meno, na anayepita karibu na geti akiwa na ndala ndiye anayelipia. Geti la kusukuma kwenye reli lina afadhali chini, lakini mara nyingi huacha mwanya pale linapokutana na nguzo. Dawa ni kizingiti cha zege kilichoinuliwa kiasi gari lipande bila shida, na uwazi usiozidi sentimita 5 kati yake na bati. Aliyekwisha kujenga anaweza kuning'iniza ukanda wa mpira wa tairi kuukuu chini ya geti. Hauvutii macho, lakini unafanya kazi.

Sehemu ya pili ni matundu ya kutolea maji ya mvua yanayoachwa chini ya ukuta. Yakijengwa huwa madogo. Masika mbili tatu zikipita, maji yanakula udongo pembeni na tundu linakuwa mlango. Zibeni kwa nondo za milimita 12 zilizosimamishwa kwa nafasi ya sentimita 7 au 8, zichomekwe kwenye zege. Wavu wa kuku hapo ni mzaha.

Kwa nini kumzuia mbwa asitoke kuwe na uzito sawa na kumzuia mwizi asiingie? Kwa sababu madhara yake hayana fidia. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, tiba hakuna. Chanjo ya kila mwaka ndiyo ngao ya kwanza, na wataalamu wanataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Lakini mbwa anayetoka na kurudi atakavyo hukutana na wasiochanjwa, na siku ya chanjo ndiyo siku ambayo haonekani.

Sheria nayo ipo, ingawa wengi hawaijui mpaka wameitwa kituoni. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 243 kwa upande wa Kenya, vinamtia hatiani mtu anayepuuza kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama aliye mikononi mwake. Halafu kuna kile kibao cha getini. Watu wengi hukiona kama kinga: nilikuonya, ukaingia. Katika madai ya fidia yanayofuata misingi ya sheria ya Kiingereza tuliyorithi, swali mojawapo kubwa ni kama mwenye mbwa alijua kwamba mnyama wake ni hatari. Aliyetundika kibao atakuwa na kazi ngumu ya kusema hakujua.

Tukirudi kwenye uzio wenyewe, ukuta wa matofali una faida moja isiyosemwa sana: mbwa haoni nje. Mbwa anayeona barabara kupitia waya hubwekea kila bodaboda, kila muuza maandazi, na kila anapobweka mtu huendelea na safari yake. Machoni pa mbwa, yeye ndiye aliyemfukuza. Baada ya mwezi wa ushindi kama huo unakuwa na mnyama anayekimbia kando ya waya asubuhi hadi jioni, na kanjia kake kanaonekana kwenye majani. Mwenye uzio wa waya upande wa barabara anapaswa kuziba mita moja na nusu ya chini kwa chochote kisichopitisha macho, iwe bati, mianzi au mimea.

Waya, hata hivyo, ndio uwezo wa watu wengi, hasa wanaosubiri fedha za ukuta. Kwenye duka la vifaa usiulize bei kwanza, uliza geji. Namba ikikua, waya unakonda: geji 16 ni nyembamba kuliko geji 12, na mbwa mkubwa mwenye hasira huipasua ya 16 kwa meno. Urefu wa mita 1.8 unawatosha wengi, ingawa jamani shepadi kijana mwenye pa kukanyagia huuvuka. Na matundu ya waya ni ngazi tosha kwa mbwa aliyejifunza kupanda, kwa hiyo sentimita 40 za juu zikunjwe kuelekea ndani. Chini, wengi huchimbia waya wima. Unaoza, hasa karibu na bahari. Njia bora ni kulaza kipande cha wavu chenye upana wa sentimita 60 juu ya ardhi upande wa ndani, kukifunga kwenye uzio, kisha kukifunika kwa udongo na mawe. Mbwa huchimba palepale kwenye mguu wa uzio. Akikuta wavu chini ya kucha zake, haimjii akilini kurudi nyuma hatua mbili aanze upya.

Michongoma, ambayo Nairobi na mikoa ya nyanda za juu imezunguka nyumba kwa miaka mingi, humzuia ng'ombe na mtu mzima. Mbwa hupita kwenye mashina, mahali ambapo miba ni michache. Ukiipenda, pitisha waya ndani yake ingali michanga, iumezwe na mmea.

Kabla ya kuacha habari ya uzio, angalia vilivyoegemezwa ukutani: lundo la matofali yaliyobaki, kichanja cha tangi la maji, kibanda cha jenereta, kuni. Kila kimoja ni daraja, la mbwa kutoka na la mwizi kuingia. Lundo la matofali lina wapangaji wake pia. Swila anapenda sana mianya hiyo, na mbwa ndiye wa kwanza kwenda kuchungulia.

Sasa uwanja wa mbwa. Simaanishi kibanda. Kibanda ni chumba cha kulala. Uwanja ni mahali penye uzio wake ambapo mnyama anatembea, anajinyoosha, anajisaidia mbali na anapolala, na anakaa mchana bila kuonana na mgeni. Mwaka 1965 kamati ya Brambell kule Uingereza, ikiangalia mifugo inayofungiwa, iliweka kipimo cha chini kabisa: mnyama aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kutoka hapo ndipo ulipokua msingi wa uhuru tano wa mnyama, ambao sheria nyingi za ustawi wa wanyama zinauegemea. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ina Sura ya 360. Vibanda vingi ninavyoviona mjini vinaanguka kwenye kile kipimo cha 1965, achilia mbali vilivyofuata.

Kikwazo kinachotajwa kila mara ni nafasi. Kiwanja ni mita 20 kwa 20, au ile ploti ya Kenya ya futi 50 kwa 100, nyumba imekula katikati, gari limekula mbele. Kweli, ila itazame ramani tena. Kati ya ubavu wa nyumba na ukuta wa jirani kuna uchochoro wenye upana wa mita moja na nusu hadi mbili, na urefu sawa na wa nyumba, labda mita 10 au 12. Hakuna anayekaa hapo. Panahifadhiwa ndoo zilizopasuka na baiskeli isiyo na mnyororo. Ziba ncha zake mbili kwa milango ya chuma na wavu mzito, na umepata uwanja wa mita za mraba 15 hadi 24 ambao kuta zake ndefu zimekwisha kulipiwa. Tena umbo lake linamfaa mbwa kuliko mraba: mbwa hukimbia kwa kunyooka, na katika uwanja wa mita 4 kwa 4 huishia kuzunguka tu.

Nyumba ina vichochoro viwili, na kuchagua si suala la bahati. Pwani yetu, upande wa mashariki ndio bora. Jua la asubuhi linakausha sakafu iliyooshwa, na kuanzia mchana nyumba yenyewe inatoa kivuli katika saa ambazo bati linachoma mkono. Kichochoro cha magharibi ni kinyume chake: asubuhi unyevu, alasiri tanuri. Kisha tazama upepo. Mvua za masika zenye kusi hupiga kutoka kusini, kwa hiyo chumba cha kulala kiwekwe ncha ya kusini kikiwa kimezibwa upande huo, na ncha ya kaskazini iachwe wavu mtupu ipitishe kaskazi, maana joto la Januari na Februari halina dawa nyingine. Jambo lingine la kuchunguza ni madirisha. Mbwa chini ya dirisha la chumba cha wazee ni ugomvi wa kila usiku. Chemba za maji taka, mitungi ya gesi na maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi vihamishwe au vifunikwe kabla mnyama hajaingia.

Sakafu ndiyo inayoamua kama uwanja utakuwa na afya, na hapa ndipo watu wanapoupenda mchanga kwa urahisi wake. Mchanga wenye kivuli na mkojo ni mahali pa kutagia pa yule nzi ambaye funza wake hupenya kwenye ngozi na kuvimba kama majipu. Mbwa akilala juu yake, tumbo lote linajaa. Mchanga huohuo ukipata unyevu hutunza viluwiluwi vya minyoo ya safura, ambavyo pia hupenya mguu wa mtoto aliyeingia peku kufuata mpira. Zege laini lenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, likielekea kwenye mfereji wa wazi, linaoshwa kwa ndoo mbili na kukauka ndani ya saa moja. Liwe laini kiasi, lisiteleze. Fundi alipitishie ufagio kabla halijashika. Zege tupu huwachubua mbwa wakubwa viwiko, kwa hiyo pa kulala pawe na kitanda cha mbao kilichoinuliwa sentimita 10 kutoka chini. Maji ya kuoshea yasielekezwe kwenye kitalu cha mchicha, na yakae mbali na kisima.

Kupe ni habari nyingine. Yule wa kahawia anayeishi kwa mbwa ana tabia ya kupanda kuta. Jike akishiba damu hujidondosha, hutafuta ufa, hutaga mayai kwa maelfu, na kizazi kizima kinaweza kuzaliwa, kukua na kuzaa bila kutoka nje ya banda. Mtu anampaka mbwa dawa kila wiki huku ghala la kupe liko ukutani. Ndiyo maana makuti, ambayo kwa ubaridi hayana mpinzani, sipendi yawe juu ya mbwa moja kwa moja, na ndiyo maana kuta za ndani zipigwe lipu hadi mita 2, nyufa zizibwe, pembe zipitishiwe sementi kwa mviringo. Paa liwe la bati lililoinuliwa vya kutosha hewa ipite, na chini yake dari ya mbao nyembamba.

Je, uwanja wote uezekwe? Dar es Salaam, nusu inatosha, isipokuwa kwa jike. Jike huingia joto karibu mara mbili kwa mwaka, wiki tatu hivi kila mara, na dume wa mtaa wa tatu atapanda ukuta ambao hajawahi kuujali. Kwa wakazi wa Karen na Lang'ata, wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi na misitu yake, wavu wa juu ni lazima. Chui anaingia mitaani humo, na mbwa ni miongoni mwa vitoweo anavyovipenda. Uwanja uliofungwa pande nne na wazi juu, kwa chui, ni sahani.

Sijagusa bado mtu ambaye ramani hizi humsahau kuliko wote: anayeosha. Mwenye nyumba humtembelea mbwa jioni akiwa na mfupa mkononi. Anayeingia kila asubuhi na ufagio ni dada wa kazi au kijana wa bustani, na mara nyingi anamwogopa yule mnyama, kwa haki kabisa. Gawa uwanja mara mbili kwa mlango mdogo wa kuinua kwa kamba, ambayo mwisho wake uko nje. Mbwa anapelekwa upande mmoja, upande wa pili unaoshwa, kisha kinyume chake. Weka kidirisha cha kupitishia bakuli. Milango ifunguke kwa ndani ili mbwa akiisukuma azidi kuifunga, na komeo liwe la kuteleza lenye kitundu cha kufuli, kwa sababu kitasa cha kukandamiza mbwa mwerevu hukifungua kwa mguu. Gharama ya hayo yote haifiki ya kumtafuta dada mwingine.

Katika nyumba za Waislamu, ambazo pwani na visiwani ndizo nyingi, mpangilio una sharti lake. Kwa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kufuga kwa ajili ya ulinzi, mifugo au uwindaji kumeruhusiwa. Kwa hiyo njia za mbwa zisikutane na njia za watu: kamba ya nguo, bomba la kutawadhia, baraza la wageni na mlango wa jikoni viwe upande mwingine, na uwanja uwe na bomba lake, bakuli lake na ufagio wake. Uchochoro uliofungwa ncha zote mbili unatimiza hilo vizuri kuliko kibanda cha uani, ambapo mbwa akifunguliwa uani pote panakuwa pake.

Sasa mlinzi gani huyu aliyefungiwa ubavuni mwa nyumba? Hapo ndipo mlango wa mbele wa uchochoro unapokuwa na maana. Mchana unafungwa: mgeni anaingia, gari linatoka, geti kubwa likibaki wazi hakuna balaa, kwa kuwa kuna milango miwili kati ya mbwa na barabara. Usiku unafunguliwa, na mbwa anazunguka nyumba nzima. Akiwa ndani bado anabweka, na mwizi anahofia kubweka kuliko kuumwa. Kuna faida nyingine kwa aliyechagua ubavu usiopakana na njia. Nyama yenye sumu hurushwa kutoka barabarani na wanaojua kwamba mbwa amefungwa karibu na ukuta wa mbele. Kumlisha ndani ya uwanja, saa ileile, bakuli lilelile, mpaka azoee kwamba chakula hakitoki kwingine, hakumkingi kabisa, lakini kunapunguza.

Fedha zitoke wapi? Chukua ule ukuta wa kiwanja cha 20 kwa 20. Ukitoa geti la mita 4, unabaki na mita 76. Tofali la inchi 18 pamoja na mota yake huchukua karibu sentimita 47, kwa hiyo kozi moja kuzunguka kiwanja inakula matofali kama 160, bila kuhesabu sementi, mchanga na siku ya fundi. Kozi tisa zinakupa kimo cha zaidi kidogo ya mita 2. Ya kumi inaongeza sentimita 24 ambazo mwizi mwenye ngazi hatazihisi. Kozi hiyo ya kumi ikihamishiwa ardhini inatosha kujenga chumba cha kulala cha mbwa, na pesa za sementi yake zinaingia kwenye sakafu ya uchochoro. Mwambie fundi mapema, kabla hajapandisha nguzo.

Mpangaji hana kozi ya kupunguza. Akiwa na nyumba yake peke yake anaweza kutengenezesha fremu za chuma zenye wavu, mita 2 kwa 1.8 kila moja, zinazoungwa kwa bolti na kufunguliwa siku ya kuhama. Kwenye nyumba ya wapangaji wanane, geti moja na funguo nane, ushauri wangu ni mfupi: chukueni mlinzi, au mfuge paka.